Kurudisha msitu wa asili nyanda za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojitolea

Majibu haya ni ya vikundi vinavyokwenda kufanya kazi katika misitu ya nyanda za juu iliyoharibiwa: Karura na Ngong pale Nairobi, Nyandarua, Mlima Kenya, na kwa kiasi kikubwa Kilimanjaro na Usambara pia, kwa kuwa hali ya hewa na miti hukaribiana. Ukienda pwani au nyika kavu kanuni ni zile zile, ila miti na vipimo hubadilika.

Tumezoea kwenda na miche. Kwa nini tunaambiwa tuanze na mapanga na majembe?

Kwa sababu mche haufi kwa kukosa mtu wa kuupanda. Unakufa kwa kufunikwa na nyasi, kuliwa na mbuzi, kuungua, au kukauka Januari wakati hakuna mtu aliyerudi kuutazama. Kenya ilitenga Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Hesabu za namna hiyo huhesabu miche iliyotiwa ardhini. Msitu huhesabiwa kwa miti iliyosimama baada ya miaka mitatu. Kikundi chenye nguvu ya siku kumi kwa mwaka kitumie siku mbili kupanda na nane kusafisha, kupalilia na kukagua. Kisichoweza kurudi ni bora kiende kupalilia eneo lililopandwa na wengine mwaka jana. Hiyo ni kazi kamili, na huokoa miche mingi kuliko upandaji wowote mpya.

Tutajuaje kama eneo linahitaji kupandwa?

Pimeni kwanza. Chagueni sehemu kumi zilizotawanyika, si zile nzuri tu zilizo kando ya njia. Kila sehemu chomekeni kijiti, funga kamba ya mita 5, zungukeni nayo, kisha hesabuni kila kitu chenye uwezo wa kuwa mti wa asili ndani ya duara: miche iliyojiotea yenye urefu wa zaidi ya sentimita 50, visiki vinavyochipua, na miti iliyobaki. Duara hilo ni karibu mita 78 za mraba. Mkipata wastani wa 25 au zaidi kwa kila duara, hiyo ni zaidi ya miti 3,000 kwa hekta, na hakuna haja ya kupanda. Zuieni mifugo na moto, fyekeni nyasi kuzunguka maotea, mwacheni ndege afanye kazi yake. Mkipata kumi, pandeni kujazia pengo tu. Mkipata mawili au matatu, na msitu mzima ulio karibu uko mbali sana kwa shorobo, hondohondo na popo kuleta mbegu, hapo ndipo pa kupanda kote.

Watu hukata tamaa wakiambiwa eneo lao halihitaji miche, hasa kama basi limeshakodiwa. Lakini kuchimba mashimo 600 katikati ya maotea hukata mizizi ya miti ambayo tayari ilikuwa inakua bure.

Kisiki hai ni nini, na kinafanya kazi huku juu?

Ni kuotesha upya mti kutoka kwenye kisiki ambacho mizizi yake bado iko hai. Njia hii imeenea sana Dodoma kwa jina hilo hilo. Shinyanga nako mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo ili majani na miti vipumzike, na vilima vilivyokuwa vipara vikarudi kuwa vichaka kwa sehemu kubwa bila kupandwa mche mmoja mmoja.

Nyanda za juu inafaa kwa miti inayochipua: mutundu (Croton macrostachyus), mukinduri (Croton megalocarpus), mringaringa (Cordia africana), mzeituni mwitu ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu. Tafuta kisiki chenye machipukizi, chagua mawili au matatu yaliyonyooka na yanayotoka chini karibu na udongo, kata mengine kwa kisu kikali kuelekea juu ili gome lisichanike. Yale yaliyobaki pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, si zaidi. Rudi baada ya miezi mitatu hadi sita kwa sababu kisiki kitatoa machipukizi mapya. Mtarakwa (Juniperus procera) usiusubiri: ukikatwa hauchipui.

Mti wa asili ni upi hasa? Mukima umekuwa kwetu tangu zamani.

Mukima, yaani mgrevilea, umetoka Australia, pamoja na mikaratusi na miwati. Msaipresi tunaoupanda umetoka Meksiko na Amerika ya Kati, mjakaranda Amerika Kusini, mwarobaini Asia. Ni miti yenye faida shambani na hakuna anayekukataza kuipanda kwako. Msituni haina kazi.

Swali gumu zaidi ni la asili ya wapi. Maesopsis eminii ni mti wa asili Kakamega, Uganda na Kagera. Ulipopelekwa Usambara Mashariki kwa ajili ya mbao, hondohondo walisambaza mbegu zake na ukaingia ndani ya msitu wa Amani, ukachukua nafasi ya miti ambayo haipatikani popote pengine duniani. Kwa hiyo usiulize kama mti ni wa Kenya au wa Tanzania. Uliza kama unaota wenyewe katika msitu huu, kwenye mwinuko huu. Mumondo (Hagenia abyssinica) ni mti wa juu mlimani kwenye baridi. Kuuleta Karura ni kuutesa.

Na si kila mahali pasipo miti paliharibiwa. Mbuga za nyasi, vinamasi na maeneo ya wazi ya juu kabisa mlimani yana mimea na wanyama wake. Msipande miti humo.

Tupande aina ngapi, na zipi kwanza?

Kwa hekta moja lengeni aina 20 hadi 30. Aina tano za miche iliyo rahisi kupata sokoni hutoa shamba la miti, halafu mdudu mmoja akiingia nusu ya kazi inakwenda.

Takriban theluthi moja hadi nusu iwe miti ya kutangulia, inayokua haraka kwenye jua kali na kufunga kivuli ndani ya miaka miwili au mitatu: mutundu, mukeu (Dombeya torrida) kwa maeneo ya juu yenye baridi, muhethu (Trema orientalis), mkarati (Bridelia micrantha). Muhethu na mkarati huzaa matunda madogo mapema, na ndege wanaoyafuata huangusha mbegu za miti mingine chini yake.

Sehemu nyingine iwe miti ya msitu uliokomaa, kulingana na mahali: muiri (Prunus africana), muthengera yaani podo, muthiga (Warburgia ugandensis), mukurwe (Albizia gummifera), muhuru (Vitex keniensis) kwa upande wa Mlima Kenya, na muhugu (Brachylaena huillensis) kwa misitu mikavu ya Nairobi. Wekeni na mugumo (mtini mwitu) hapa na pale. Hauhitaji mbegu: tawi nene kama mkono lenye urefu wa mita 2 likichomekwa nusu mita ardhini mwanzo wa mvua huota, na miaka ikipita unakuwa ghala la chakula cha ndege na tumbili.

Mbegu tuchukue wapi?

Kutoka msitu ule ule au ulio jirani kwa mwinuko unaolingana, baada ya kupata ruhusa ya msimamizi wa msitu. Usiokote chini ya mti mmoja wenye mbegu nyingi kando ya barabara, kwa kuwa miche yote itakuwa ndugu, na itakapokua itazaliana yenyewe kwa yenyewe na kutoa mbegu dhaifu. Changanyeni mbegu za miti mama 25 hadi 30, iliyoachana mita 50 hadi 100. Inapokuwa adimu, chukueni kwenye yote mliyoipata. Kwa kila mti acheni sehemu kubwa ya matunda kwa ajili ya wanyama.

Kumbukeni kwamba mtarakwa, podo, mumondo na muhugu vina miti dume na miti jike mbali mbali. Mkisimama chini ya mti dume mtasubiri mbegu milele.

Baada ya hapo kila aina ina tabia yake, na hapa ndipo vitalu vingi huharibikiwa:

Muiri: chuma matunda yakiwa ya zambarau iliyokolea, menya nyama kwa maji siku hiyo hiyo, anika kivulini siku moja au mbili tu, sia ndani ya wiki. Mbegu iliyokaushwa juani kama maharagwe imekufa.

Muthiga: vivyo hivyo, wala usiuweke akiba.

Mukinduri: kila tunda lina mbegu tatu zenye mafuta mengi. Sia zikiwa mbichi, zikichelewa mafuta huchacha na uotaji hushuka.

Mringaringa: nyama yake inanata kama gundi. Loweka usiku kucha, sugua na mchanga, suuza. Huchukua mwezi mmoja na nusu hadi miwili kuota, kwa hiyo usimwage kitalu ukidhani zimeoza.

Mzeituni mwitu na podo: ganda ni gumu. Ligonge taratibu kwa jiwe hadi lipate ufa bila kuponda kiini, kisha loweka siku moja au mbili ukibadilisha maji. Bila ufa unaweza kungoja miezi.

Muhuru: huota polepole na kwa awamu. Usitupe tuta kabla ya miezi mitatu.

Mumondo: mbegu ni vumbi. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya tuta bila kufukia, mwagilia kwa pampu ya ukungu na si kwa ndoo.

Mbegu za miti migumu ya jamii ya mikunde, kama migunga, zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, ziache zipoe humo usiku kucha. Zilizovimba zisie, zisizovimba zirudie.

Msipoweza kukusanya wenyewe, kituo cha mbegu cha KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya) kule Muguga huuza mbegu zilizopimwa, na Tanzania kuna TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Ulizeni mbegu zilikotoka, si jina la mti tu.

Tunaweza kung'oa maotea msituni tukayapeleka kitaluni?

Ndiyo, kwa ruhusa, na kwa muhugu ndiyo njia ya kuaminika kwa sababu mbegu zake nyingi huwa tupu au zimeliwa na wadudu. Chukueni vichanga vyenye urefu wa sentimita 5 hadi 15 vilivyosongamana chini ya mti mama, ambavyo vingi vingekufa hata hivyo. Ng'oa siku ya mawingu udongo ukiwa umelowa, kwa kijiti na si kwa kuvuta. Funga mizizi kwenye majani ya mgomba yenye unyevu, punguza nusu ya majani ya mche, panda kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) siku ile ile, kisha weka chini ya karatasi ya nailoni na kivuli kizito kwa wiki tatu au nne. Mche mkubwa wa nusu mita unavutia macho, lakini mzizi wake mkuu umeshaingia chini na utaukata.

Kitaluni mambo gani ni ya lazima?

Udongo: sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni, moja ya mchanga, moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa. Udongo uliochotwa chini ya mti wa jamii ile una kuvu wanaoishi na mizizi na kuisaidia kupata chakula. Konzi chache kwa toroli zinatosha.

Kiriba: kisiwe kifupi kuliko sentimita 15, na miti yenye mzizi mrefu ipewe sentimita 20 au zaidi. Wakati wa kuatika, hakikisha mzizi umeshuka wima. Ukipinda kama ndoana siku hiyo, mti utakua vizuri miaka miwili, halafu utaanguka kwa upepo au utakauka ghafla, na hakuna atakayekumbuka kuwa kosa lilikuwa la kitaluni.

Mizizi: ikishaanza kupenya chini ya kiriba, inua na kukata kila wiki tatu au nne. Mche uliojishika ardhini ukiubandua siku ya kupanda unakuwa umepoteza nusu ya mizizi.

Kuzoesha jua: wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji. Mche wa kijani kibichi laini, uliolelewa kwa kudekezwa, huungua majani ndani ya siku tatu msituni. Unaotakiwa una sentimita 30 hadi 50, shina gumu la rangi ya kahawia kwa chini, na mizizi iliyoshika udongo bila kuzunguka.

Lantana, kichaka vamizi, imefunika kila kitu. Tufyeke yote?

Msifyeke yote kwa siku moja. Mlima ulioachwa wazi mwanzo wa mvua hupoteza udongo, na mbegu za lantana zilizolala ardhini hupata jua na kuota kwa maelfu. Ondoeni kwa mikanda ya mita 10 hadi 20 kufuata mlalo wa kilima, si kutoka juu kwenda chini, na mfungue ule tu mtakaoupanda msimu huo huo.

Kufyeka peke yake hakusaidii, huchipua ikiwa nene zaidi. Kata mashina kwa kiasi cha goti ili pabaki pa kushika, kisha chimba shina kwa sururu hadi utoe kile kifundo ambamo mizizi inaanzia. Fanya udongo ukiwa na unyevu. Rundikeni mizizi ikitazama juu isigusane na ardhi. Vaeni glavu na mikono mirefu, na msiwape mifugo majani yake, yana sumu.

Sestrumu, kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa kilichovamia misitu ya Nairobi na vitongoji vyake, huondolewa hivyo hivyo. Midogo hung'oka kwa mkono baada ya mvua.

Miwati ni shida ya muda mrefu zaidi. Mbegu zake hukaa ardhini miongo, na moto huziamsha zote pamoja. Ukikata mti mmoja, tarajia zulia la vichanga mwaka unaofuata. Ving'oeni vikiwa chini ya goti, kila msimu, kwa miaka mitano au zaidi, mpaka kivuli kifunge. Mikaratusi huchipua kwenye kisiki: kata chini kabisa, bandua gome lote mpaka chini ya usawa wa udongo, na uvunje machipukizi kila baada ya miezi miwili hadi kisiki kichoke. Kukata miti mikubwa ndani ya msitu wa serikali si kazi ya wanaojitolea. Mwachieni msimamizi wa msitu aipange, na msikate mti wowote kabla mtu anayeijua miti hajautia alama. Miche mingi ya asili hufyekwa na watu wenye nia njema wanaodhani ni kichaka.

Tupande lini?

Si siku mvua inapoanza. Ngojeni mpaka udongo umelowa sentimita 30 kwenda chini. Chimba na uguse kwa mkono. Kwa kawaida ni wiki mbili baada ya mvua kushika, kati ya mwisho wa Machi na Aprili kwa masika, au Novemba mwanzoni kwa vuli. Mwisho wa kupanda uwe pale ambapo bado mnategemea wiki sita za mvua mbele. Masika ni bora kwa sababu baada yake huja miezi ya baridi na ukungu, wakati vuli hufuatwa na jua la Januari na Februari. Mgeni rasmi akipatikana Juni tu, mpeni kazi ya kupalilia.

Shimo na upandaji hasa hufanywaje?

Mashimo yachimbwe wiki moja au mbili kabla. Sentimita 30 kwa 30 kwa 30 inatosha kwenye udongo laini. Pale palipokanyagwa na ng'ombe au palipokuwa njia ya magari, fanya 45 na uvunje kuta za shimo kwa sururu, kwani kuta laini zilizochongwa na jembe huwa kama chungu, na mizizi huzunguka humo humo. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine.

Siku ya kupanda mwagilia miche asubuhi. Ibebe kwa kushika kiriba, kamwe si kwa shina. Rudisha udongo wa juu kwanza. Pasua kiriba kwa wembe upande mmoja, bandua bila kuvunja donge, na kama kuna mzizi uliozunguka chini, ukate. Simamisha mche ili shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na ardhi. Ukizama, maji hutuama na gome huoza. Ukiinuka, mizizi hukauka. Jaza, shindilia kwa kiganja au kisigino taratibu, kisha vuta jani moja kwa vidole viwili: jani likikatika mche ukabaki, umeshika, mche ukija, rudia. Tandaza nyasi zilizofyekwa unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini ziache nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina ili mchwa na unyevu visilifikie.

Kusanyeni viriba vyote. Mpeni mtu mmoja gunia na kazi hiyo tu, na idadi ya viriba ilingane na idadi ya miche.

Nafasi kati ya miche?

Mita 2 kwa 2 hutoa miche 2,500 kwa hekta, mita 1.8 hutoa karibu 3,100. Inaonekana msongamano kwa waliozoea mashamba ya mbao, lakini hapa tunakimbilia kivuli cha kuua nyasi. Kwa mita 3 mnapata 1,111, na mtapalilia miaka miwili zaidi. Tumieni kamba yenye fundo kila mita 2 kupata idadi, kisha sogezeni mashimo kidogo huku na huku na mchanganye aina, msipange mistari. Palipo na mche uliojiotea, ruka.

Nyasi ya Kikuyu inarudi kila mara. Si ni ya asili?

Ni ya asili kabisa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, lakini ikipewa jua tupu hunyonga mche kwa juu na kuunyang'anya maji kwa chini. Kuifyeka huichochea. Ipare kwa jembe pamoja na mizizi yake inayotambaa, duara la mita 1 kuzunguka kila mche, na ufunike duara kwa boksi la karatasi lililolowa kisha matandazo juu. Rudieni kupalilia mara tatu mwaka wa kwanza: wiki sita baada ya kupanda, mwisho wa mvua, na mwanzo wa mvua inayofuata. Mwaka wa pili mara mbili au tatu, wa tatu mara moja au mbili. Kila aliyeshika fyekeo atanguliwe na mtu wa kuchomeka kijiti kirefu kwenye kila mche, kwa maana fyekeo huua miche mingi sana.

Mbolea ya dukani?

Hapana. Nyasi huila kabla ya mti. Konzi mbili za samadi iliyooza ndani ya shimo zinatosha.

Miche inakufa. Tutajuaje sababu?

Ing'oe iliyokufa na uitazame. Mizizi iliyobaki na umbo la kiriba miezi sita baadaye: ilikuwa imejiviringa, au udongo haukushindiliwa. Shina limekatwa usawa wa ardhi na kuachwa hapo hapo: sota (kiwavi mkata mashina). Mche umezama au mizizi imetafunwa kwa chini: fuko. Gome la chini limeliwa na kufunikwa udongo mwekundu: mchwa, na mara nyingi matandazo yaligusa shina au mche ulikuwa tayari na kiu. Ncha imekatwa kwa pembe kali: sungura, imechanika: paa, mbuzi au ng'ombe. Majani ya chini yamegeuka njano na udongo unanuka: maji yametuama. Majani yameungua kingo upande mmoja baada ya usiku wa mbingu safi, hasa juu ya mita 2,500: barafu, na suluhisho ni kupanda mukeu na mumondo kwanza, miti laini ifuate chini yake baada ya miaka miwili.

Wafugaji wanaingiza ng'ombe. Tuweke uzio?

Uzio ni ghali na hukatwa usipokubaliwa. Kaeni na wafugaji kabla ya kuchagua eneo, si baada ya miche kuliwa. Makubaliano yanayodumu huwapa kitu: ruhusa ya kukata na kubeba majani ndani ya eneo hilo, njia iliyoachwa wazi kwenda mtoni, na vijana wao kulipwa kupalilia. Baada ya miaka mitatu au minne, miti ikipita kimo cha ng'ombe, mnaweza kujadiliana upya kwa kufuata masharti ya msitu huo.

Moto?

Kabla ya kiangazi fyekeni barabara ya moto ya mita 6 hadi 10 upande unakotoka upepo na kando ya njia za watu, mkaipare mpaka udongo uonekane. Wafuga nyuki wanaotumia moshi na wachoma mkaa wajulikane na wahusishwe. Wanaojitolea wasipambane na moto mkubwa. Kazi yao ni kupiga simu kituo cha msitu na kuhesabu watu wao.

Ni lazima tupate kibali?

Ndiyo. Kenya, misitu ya umma iko chini ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu. Anzeni kwa mkuu wa kituo cha msitu na chama cha pale. Karura, ambako Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miche kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu, leo una chama chake na utaratibu wake. Tanzania, hifadhi za taifa za misitu ni za TFS, na msitu wa kijiji una kamati ya maliasili ya kijiji chini ya usimamizi shirikishi. Muiri unalindwa pia na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa sababu ya biashara ya gome lake, kwa hiyo mkiona miti iliyochunwa gome, toeni taarifa.

Tuhesabu vipi mafanikio?

Wekeni alama miche 100 iliyochaguliwa kwa kufuata mstari, si kwa macho, kila mmoja na namba na aina yake. Ikagueni mwisho wa mvua, mwisho wa kiangazi cha kwanza, kisha kila mwaka. Ikibaki 70 hadi 80 baada ya mwaka mmoja mko vizuri. Chini ya 50, msijazie kabla ya kujua sababu. Andikeni kwa kila aina, kwa kuwa wastani mzuri huficha aina moja iliyokufa yote. Piga picha kutoka sehemu ile ile, ukielekea upande ule ule.

Watu wangapi wanafaa kwa siku moja?

Kikundi cha watu 20 wasio wazoefu, mashimo yakiwa tayari, kipangiwe miche 400 hadi 500 kwa asubuhi, na kiongozi mmoja kwa kila watu wanane au kumi. Ukileta watu 200 kwa kiongozi mmoja utapata miche iliyopandwa na viriba vyake. Watoto wa shule wanafaa sana kwa kusia mbegu, kujaza viriba na kukagua miche yenye namba. Sururu wawaachie wakubwa.

Miche ikibaki baada ya siku ya kupanda?

Irudisheni kitaluni siku hiyo hiyo, isilale msituni. Wekeni akiba ya asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya kujazia mwanzo wa mvua inayofuata, mkiihamishia kwenye viriba vikubwa kama mizizi imejaa. Iliyobaki wapeni majirani wa msitu wapande mipakani mwao. Mringaringa na mukinduri kando ya shamba hutoa kuni na kivuli, na kila tawi linalopatikana shambani ni tawi ambalo halitakatwa ndani.